Vijana wa Ijumaa wa Kampala: kikundi cha mazingira kinakuaje mpaka kinafika rumande

Kila ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp video ya wanafunzi wa Kampala wanaburutwa na polisi na kuingizwa kwenye pikapu kwa sababu ya mabango ya kupinga bomba la mafuta, maneno yanayofuata chini yake ni yale yale. Mmoja atasema hao wametumwa na wazungu. Mwingine atauliza, kwani hao si ndo wale wapanda miti? Wa tatu, mara nyingi mtu wa Tanga, atasema sisi huku tunasubiri ajira za Chongoleani, bomba linakoishia, nyie mnatuletea mambo ya Greta wa Sweden. Na hakosi wa kuwachanganya wote, mwanaharakati Vanessa Nakate, Fridays for Future (wale wa migomo ya Ijumaa ya tabianchi), wapanda miti, wanafunzi wa bomba, akawatia kapu moja kana kwamba ni taasisi moja yenye ofisi, mhuri na mkurugenzi.

Hebu tulifumue hili taratibu, kwa sababu bomba lenyewe, lile la EACOP la kutoa mafuta ghafi Uganda mpaka Tanga, karibu asilimia 80 ya urefu wake liko Tanzania, kwa hiyo hii sio habari ya majirani tu.

Tuanze na maneno. Hali ya hewa ni ya leo na kesho, mvua ya jioni, jua la mchana. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa wa sehemu fulani kwa miaka mingi, wataalamu kwa kawaida wanachukua miaka 30 ndo wanasema hapa masika huanza lini na mvua huwa kiasi gani. Ukisikia mabadiliko ya tabianchi maana yake ule mwenendo umeanza kuhama, na sababu kubwa ya kuhama kwake sasa hivi ni hewa ukaa na gesi nyingine zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kufyeka misitu. Mafuriko ya siku moja hayathibitishi kitu peke yake. Ila mafuriko, ukame na mvua za kushtukiza vikianza kurudi kwa kasi ambayo wazee hawakuizoea na vipimo navyo vinasema hivyo hivyo, hapo kuna jambo.

Neno la pili ni haki ya tabianchi, na hili ndo watu wengi wanaliruka. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Sasa mtu anasikia hivyo anasema basi vijana wa Uganda wanahangaika na nini, si wakaandamane China na Marekani huko? Lakini hiyo hiyo ndo hoja yao. Wanasema sisi hatujachoma sana ila sisi ndo tunaoumia mwanzo, na mifano wanayo. Bududa, miteremko ya Mlima Elgon, maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu mwaka 2010 na yakarudi tena 2018. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kuliko rekodi ya 1964, mialo ya wavuvi na nyumba za ufukweni zikazama. Mwezi huo huo mto Nyamwamba kule Kasese ulifurika ukaharibu hospitali ya Kilembe. Kwa hiyo wanaposema haki wanamaanisha nani alipe na nani asikilizwe, sio usafi wa mazingira peke yake.

Neno la tatu ni harakati, na hapa ndo fujo yote inapoanzia. Watu wanadhani harakati ni chama. Chama kina katiba, kadi na ada, hata kikoba cha akina mama kina daftari na faini ya kuchelewa. Harakati inafanana zaidi na chandimu. Hakuna aliyesajiliwa, mwenye mpira akija mchezo unaanza, anayepita njiani anavua viatu anaingia, wengine wanacheza dakika kumi wanatumwa dukani hawarudi. Ukiuliza timu ina wachezaji wangapi kila mtu atakupa namba yake. Ndo maana Fridays for Future Uganda utaikuta inatajwa kuwa na vijana zaidi ya 50,000 katika shule 52 na vyuo vikuu vitano, na wakati huo huo ukaona picha ya mgomo wa Ijumaa una watu wanane. Sio lazima mmoja awe mwongo. Namba kubwa ni waliowahi kuguswa, shule waliyotembelewa, mti walioupanda, mjadala waliohudhuria. Namba ndogo ni waliojitokeza siku hiyo na bango.

Sasa turudi ilikoanzia. Agosti 2018 msichana wa Sweden wa miaka 15, Greta Thunberg, aliacha kwenda shule akakaa nje ya bunge la Stockholm na bango, baadae ikawa kila Ijumaa. Januari 2019 Vanessa Nakate wa Kampala, aliyesomea biashara kwenye chuo cha biashara cha Makerere na alikuwa na miaka 22, akatoka barabarani na ndugu zake wachache na mabango. Baada ya hapo kuna siku alisimama peke yake. Na kusimama peke yake Kampala ni kitu kingine kabisa na kusimama peke yako Stockholm, huku maandamano ni jambo ambalo polisi wanataka wajue kabla, wazazi wanaogopa, na msichana mwenye bango barabarani anaulizwa kama hana kazi au anatafuta mume. Mtu mmoja au watatu na bango hawaonekani kama mkusanyiko, kwa hiyo udogo wa mwanzo ulikuwa pia ni akili.

Lakini wale wanaosema yote hii ni nakala ya Greta wanaruka kipande kizuri. Hilda Flavia Nakabuye, ambaye ndo mwanzilishi wa Fridays for Future Uganda (Nakate ana harakati yake nyingine, Rise Up, watu wanawachanganya kila siku), hakuingia kwa kuona video. Familia yake ilikuwa na shamba kusini mwa Uganda, upande wa Masaka. Mvua kubwa na ukame vikaliandama, mazao yakafa, ikafika ardhi ikauzwa na yeye akakaa nyumbani miezi kadhaa kwa kukosa ada. Alikuwa hajui sababu. Mwaka 2017, akiwa Kampala International University, akahudhuria mjadala wa tabianchi hapo chuoni, akaunganisha yale aliyosikia na shamba la nyumbani. Huo ni mwaka mmoja nyuma ya ule ambao Greta alikaa chini pale Stockholm. Kwa hiyo Greta alileta mtindo, yaani siku ya Ijumaa, bango na picha mtandaoni, ila sababu zilikuwepo Masaka tayari.

Wa tatu wa kumjua ni Leah Namugerwa. Mwaka 2019 alikuwa wa miaka 14 tu akaanza kugoma Ijumaa, na alipofikisha miaka 15 badala ya keki na muziki akapanda miti 200, akaanzisha na kampeni ya kuwaambia wenzake siku ya kuzaliwa pandeni miti. Hii ilipendwa sana na ni rahisi kuona kwa nini, haimkeri mtu. Kenya nako Elizabeth Wathuti alishaanza tangu 2016 na Green Generation Initiative, miti ya matunda mashuleni, mpaka akaja kuhutubia viongozi wa dunia kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow Novemba 2021. Mti ni mlango mzuri. Mzazi hawezi kukataa mwanae apande mti, mwalimu mkuu anafurahi, mkuu wa wilaya anakuja kupiga picha ameshika koleo.

Hapa ndo nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu ndo fundo lenyewe. Kikundi cha namna hii kinakua kwa kubadilisha kazi kuliko kwa kuongeza watu. Kazi ya kwanza ni kuonekana, mabango, tupo hapa na tuna hasira. Kazi ya pili ni mikono, miti, kuokota plastiki kwenye fukwe za Ziwa Victoria pale Ggaba, kufunga paneli za sola na majiko banifu mashuleni kama anavyofanya Nakate na mradi wake wa shule (shule za bweni zinakula kuni vibaya sana, aliyewahi kupika uji wa watoto mia sita anajua). Kazi ya tatu ni kuuliza maamuzi, nani amesaini, nani analipwa, kwa nini mradi huu na sio ule. Na kila ukipanda ngazi marafiki wanabadilika. Wale wale waliokuja na koleo kupiga picha kwenye kazi ya pili, kwenye kazi ya tatu hawapokei simu.

Kati ya ngazi ya pili na ya tatu kulitokea jambo la ajabu lililowasukuma mbele bila wao kupanga. Januari 2020, kwenye mkutano wa uchumi wa dunia kule Davos, Nakate alipiga picha na wanaharakati wenzake wanne wa Ulaya, Greta akiwemo. Shirika la habari la AP likaitoa ile picha limemkata Nakate, wamebaki wanne weupe watupu. Akauliza hadharani kwa nini, dunia ikawaka, AP wakaomba radhi. Kabla ya hapo wengi hata Kampala hawakumjua, baada ya hapo anajulikana kote, na Septemba 2022 UNICEF wakamfanya balozi wao mwema. Ila mwanga wa namna hiyo una gharama yake. Vyombo vya habari vya nje vikishapata jina moja vinaridhika, kila mwandishi anamtafuta huyo huyo, na mia nyingine waliopo Kasese na Gulu wanabaki "vijana wengine". Halafu nyumbani watu wanaona kijana anapanda ndege kwenda mikutano wanaanza kusema aha, kumbe hiyo ndo biashara. Ni kama ile chandimu siku mfadhili ameleta jezi, kesho yake kila mtu anauliza nahodha ni nani na viatu vimegawiwaje.

Sasa bomba. Mafuta yaligunduliwa kibiashara magharibi mwa Uganda, bonde la Ziwa Albert, mwaka 2006. Bomba la EACOP linaanzia Kabaale, Hoima, linaishia Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, kati ya hizo 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya kule yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lote lazima lipashwe joto likae kwenye nyuzi 50 hivi au zaidi mwanzo mpaka mwisho, ndo maana unasikia linaitwa refu kuliko yote duniani ya aina yake. Wenye hisa: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda 15, TPDC, shirika la mafuta la serikali ya kwetu Tanzania, 15, CNOOC ya China 8. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022.

Vijana wanapinga nini hasa? Hapa nako watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna hoja ya tabianchi, kwamba mafuta haya yakishachomwa huko yatakakouzwa yatatoa hewa ukaa nyingi, wapinzani wa mradi wanataja tani milioni 34 kwa mwaka wakati wa kilele. Kuna hoja ya mahali, kwamba sehemu ya visima vya Tilenga iko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls na karibu theluthi ya bomba inapita bonde la Ziwa Victoria ambalo mamilioni wanakunywa maji yake. Na kuna hoja ya watu, yaani waguswa, familia zilizopisha mkuza (ukanda wa ardhi bomba linapopita), fidia zilizochelewa, mtu ameambiwa asilime mazao ya muda mrefu halafu anakaa miaka anasubiri hela. Unaweza ukaikubali moja ukakataa nyingine. Wapo Watanzania wengi wanaolitaka bomba na papo hapo wana hasira na habari ya fidia, hamna ukinzani hapo.

Na upande wa pili nao una hoja zake, tusijifanye hazipo. Serikali zote mbili zinasema Norway, Ghuba na Marekani wametajirika na mafuta halafu leo sisi tukipata yetu tunaambiwa tusubiri jua. Mradi wenyewe unasema bomba limefukiwa ardhini na lina waya wa faiba wa kugundua uvujaji. Ajira za ujenzi zimekuwepo kweli. Mimi hoja ya Norway inanigusa, siwezi kuicheka. Isipokuwa Norway walianza miaka ya 1970, na sisi tunaingia sokoni wakati wanunuzi wenyewe wanaanza kutafuta njia ya kutoka, na hilo ni swali la biashara kabla hata halijawa la mazingira.

Haya, turudi kwa vijana. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba, kutaja ukiukwaji wa haki na kutaka mradi ucheleweshwe mwaka mmoja. Kampala iliwaka, wabunge wakasema huo ni ukoloni. Oktoba, wanafunzi wakaandamana kuelekea ofisi ya Umoja wa Ulaya kuunga mkono azimio lile, tisa wakakamatwa, kosa likaandikwa kero kwa umma. Tangu hapo imekuwa ndo mchezo, wanafunzi wanatoka na mabango, mara kuelekea bungeni mara kwenye ubalozi, wanakamatwa, rumande, dhamana, kesi inaahirishwa, wanatoka tena. Agosti 2024 walikamatwa kwa makumi.

Ukitaka kujua lile neno "wametumwa" lilipata nguvu wapi, ni siku hiyo ya Oktoba 2022. Mimi nadhani walikosea hesabu. Haki yao ya kuandamana sina shida nayo hata kidogo, lakini kwenda kuwashukuru Wazungu mlangoni kwao wiki mbili tatu baada ya bunge lako kusema Wazungu wanatuingilia ni kumkabidhi mpinzani wako fimbo. Na fimbo ikatumika.

Je, wanalipwa? Pesa za nje kwenye harakati za mazingira zipo, mashirika ya Ulaya na Marekani yanatoa ruzuku kwa vikundi vya Afrika Mashariki na hilo halifichwi, mradi wa sola mashuleni nao unachangiwa na watu wa nje. Sola haifungwi kwa dua. Ila lipime hilo na hisa nilizotaja juu, 62 ya Ufaransa na 8 ya China, asilimia 70 ya bomba lenyewe ni ya makampuni ya nje. Ukisema pesa ya mgeni inaharibu hoja ya kijana basi iharibu na hoja ya bomba, ukisema haiharibu iache pande zote mbili. Na anayelala rumande hapo Kampala, akikosa mitihani, kama ni ajira basi ni ajira mbaya sana.

Uwongo mwingine ni kwamba kelele zao hazina matokeo. Ukitazama barabarani ni kweli, bomba limeendelea kuchimbiwa. Lakini kampeni ya bomba tangu mwanzo ililenga mabenki na makampuni ya bima zaidi kuliko barabara. Mradi mkubwa hauendeshwi na hela za mfukoni, unakopa. BNP Paribas na Société Générale za Ufaransa, nchi ya Total mwenyewe, zilisema haziweki pesa humo, na nyingine nyingi zikafuata. Makadirio ya gharama yalikuwa kama dola bilioni 3.5, yakaja kufika bilioni 5, na mafuta ya kwanza yaliyoahidiwa 2025 yakasogezwa mbele. Kampeni sio sababu pekee ya hayo, bei na mambo mengine yalichangia. Mwisho mwezi Machi 2025 kampuni ya EACOP ikatangaza imepata sehemu ya kwanza ya mkopo, na waliotoa ni kina Afreximbank, Standard Bank, Stanbic Uganda, KCB Uganda na taasisi ya Kiislamu ya maendeleo ya sekta binafsi. Yaani mabenki ya Ulaya yaliondoka, ya Afrika yakaingia. Kwa vijana hiyo imebadilisha kazi tena, maana barua ya kwenda Paris na barua ya kwenda benki ambayo mama yako ana akaunti hapo mtaani haziandikwi kwa maneno yale yale, na ile lugha ya kuwaambia Wazungu mmetuharibia dunia haifanyi kazi kwa meneja wa tawi wa Kampala.

Mabishano ya mwisho, na haya hayakosi: kama wanapinga mafuta kwa nini wanapanda boda kwenda kwenye maandamano? Ni swali zuri la kumnyamazisha mtu ila halina kitu ndani. Mtu anayetaka barabara mpya hukosi kumkuta anapita ile mbovu, atapita wapi. Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa sana unatoka kwenye mabwawa ya maji ya mto Nile, na Kampala zimeshaingia boda za umeme zinazobadilishiwa betri kituoni, kwa hiyo wanachokisema sio ndoto ya kurudi kwenye punda.

Kitu ambacho kinanivutia mimi sasa hivi ni umri. Wale wa 2019 wamekua. Leah wa miaka 14 ni mtu mzima, Nakate na Nakabuye ni wanawake wa karibu miaka 30, mgomo wa shule kwa mtu aliyemaliza shule hauna maana tena. Hawa wanafunzi wa vyuo wanaobebwa na polisi miaka hii wengi wao 2019 walikuwa sekondari au hata msingi, na kilichowaingiza kwenye harakati ni bomba, habari ya Hoima na waguswa, kuliko Stockholm. Hawagomi Ijumaa, wanatoka siku yoyote. Wengine hata jina la Fridays for Future hawalitumii, wanajiita wanafunzi wanaopinga EACOP na basi. Sasa ukiuliza kikundi kimekua au kimekufa, inategemea unahesabu nini. Jina limefifia kidogo, watu walioko tayari kulala ndani kwa ajili ya hoja ile wameongezeka, na swali lao la sasa ni mafuta yakishaanza kutiririka watafanya nini, kwa sababu bomba likishajaa huwezi tena kusema lisijengwe, itabidi waanze kazi ya nne, ya kukaa na vitabu vya hesabu kuuliza shilingi ya pipa imeenda wapi na mguswa wa mwisho amelipwa lini, kazi ambayo haina picha nzuri na wala haiwezi kuandikwa kwenye bango.